Jelling kwa Mfalme Harald Blåtand: uzoefu wangu nikiwa na mama

Mimi ni fundi seremala. Naishi Vejle, Denmark, huu mwaka wa tisa, na riziki yangu ni kupaua nyumba na kutengeneza ngazi za mbao. Jelling iko kama kilomita 10 kutoka ninapolala, ni kupanda treni tu na kushuka, lakini sikuwahi kuifikia mpaka mama alipokuja kunitembelea kutoka Iringa Juni iliyopita. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, huku kwenu hakuna hata kaburi la mfalme la kumwonyesha mgeni?" Lipo. Naandika haya kwa wenzangu mlioko huku Ulaya, hasa mnaopokea wazazi na kuishia kuwazungusha madukani tu.

Nianze na hela niliyoitupa. Usiku wa kuamkia safari nililipia programu moja ya simu ya kuongoza watalii. Ndani ya treni ikaanza kutusimulia Waviking, mabaharia na wapiganaji wa kale wa huku kaskazini, na kofia zao zenye pembe, wakati hakuna kofia hata moja yenye pembe ya zama za Waviking iliyowahi kufukuliwa. Ikaendelea kwamba Harald, mfalme wa Denmark wa zama hizo, aliitwa Blåtand, yaani Jino la Buluu, kwa kupenda matunda ya porini. Hizo ni hadithi za kuuzia. Jina hilo la utani linaonekana kwenye maandishi ya karne ya 12, zaidi ya miaka 100 baada ya mfalme kufa, na wengi wanaona alikuwa na jino lililokufa likabadilika rangi. Niliifuta ile programu kabla hatujashuka. Hamuihitaji. Jumba la makumbusho la Kongernes Jelling, ambalo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Denmark, halina kiingilio, na lina maelezo ya kutosha kukushughulisha saa mbili nzima.

Msikimbilie ndani, lakini. Mambo yenyewe yako nje, ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa kanisa jeupe. Hapo kuna mawe mawili yenye maandishi ya runi, yaani herufi za kale za huku kaskazini, na vilima viwili vya udongo, kimoja kila upande, vilivyojengwa kwa mikono ya watu. Jiwe dogo liliwekwa na Mfalme Gorm, baba yake Harald: anasema amelifanya kumkumbuka Thyra, mke wake, pambo la Denmark. Jiwe kubwa ni la Harald mwenyewe, la mwaka 965 hivi, urefu kama mita 2.4 na uzito wa tani 10. Mawe yote mawili yamefunikwa kwa vioo tangu mwaka 2011, ule mwaka ambao kijana mmoja aliyanyunyizia rangi ya kijani. Rangi ilisafishwa, tunashukuru.

Nilimsomea mama maneno ya jiwe kubwa, nikiyageuza taratibu kutoka Kidenmark: Mfalme Harald aliamuru alama hizi zifanywe kumkumbuka Gorm baba yake na Thyra mama yake, Harald yule aliyejitwalia Denmark yote na Norwei, akawafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Nilitegemea mama ashangazwe na hiyo "Denmark yote". Yeye akanishika mkono.

"Rudia hapo. Kamtaja na mama yake?"

"Kamtaja, mama."

"Kwa jina?"

"Kwa jina. Thyra."

Akazunguka jiwe lote. Upande wa pili kuna mnyama mkubwa amezongwa na nyoka, na upande wa tatu yuko Kristo. Mama ni Mlutheri wa tangu kuzaliwa, akaona kabla yangu kwamba pale hakuna msalaba. Kristo amenyoosha mikono, lakini kilichomshika ni matawi yanayojisokota kiunoni na mikononi, kama mzabibu uliopanda juu ya mtu. Sura hiyohiyo imechapwa kwenye pasipoti za Denmark, na wenyeji huliita jiwe hili cheti cha ubatizo cha nchi yao. Angalieni pia namna maandishi yalivyopangwa. Mawe mengi ya runi yana mistari iliyosimama au inayojipinda kufuata ukingo; hapa mistari imelala, mmoja chini ya mwingine, kama ukurasa wa kitabu. Aliyelichora alikuwa ameona vitabu, au ameelekezwa na mtu aliyeviona.

Kuhusu Thyra nimejifunza jambo ambalo sikulijua kabisa. Jina lake limo kwenye mawe manne, kuliko la mumewe na kuliko la mwanawe. Mwaka 2023 watafiti walipima michoro ya runi kwa mashine, wakiangalia pembe ya patasi na nguvu ya pigo, wakaona kwamba aliyechonga jiwe kubwa la Jelling ndiye aliyechonga jiwe la Læborg, fundi aitwaye Ravnunge-Tue. Jiwe la Læborg nalo linamtaja Thyra, na linamwita malkia. Mimi nawaelewa watafiti hao. Nikionyeshwa kiungo cha ngazi naweza kukuambia kimechongwa na fundi gani kati ya tulio pamoja kazini, maana kila mkono una mazoea yake.

Kilichonikamata mimi ni mbao. Ukipanda kilima chochote, au juu ya paa la makumbusho ambako wageni wanaruhusiwa, utaona nguzo nyeupe za zege zimesimama kuzunguka mji. Zinaonyesha palipokuwa na boma la Harald. Boma lenyewe lilikuwa la magogo ya mwaloni, kila upande kama mita 360, jumla mita 1,440, na ndani yake eneo la zaidi ya hekta 12. Nyumba za watu wa leo, kanisa, barabara, vyote vimo ndani. Tuliifuata mistari ile kwa miguu mama akiwa na fimbo yake, na hapo ndipo nilipomwelewa mfalme huyu. Waviking hawakupasua mbao kwa msumeno. Gogo lilipasuliwa kwa kabari, kisha likachongwa kwa shoka mpaka likanyooka. Mwaloni ni mti mgumu, hata kwa vifaa vyangu vya umeme unanitoa jasho. Kupata magogo ya mita 1,440, kuyakata, kuyakokota na kuyasimamisha kwenye mtaro, hiyo si kazi ya familia moja wala ya kijiji kimoja. Ni kazi ya mtu anayeweza kuita watu wa mbali nao wakaja.

Na vipimo vyake! Pande nne za boma zinalingana. Ukivuta kamba kutoka kona hadi kona, kamba mbili zinakutana kwenye kilima cha kaskazini. Jiwe kubwa nalo limesimama katikati kabisa ya vilima viwili. Hakuna kilichowekwa hapo kwa kubahatisha. Niliposimama penye ile nguzo ya kona nikamwambia mama kwamba fundi mkuu wa kazi hii ningempa mkono. Mwanadamu alisimama hapa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita akiwa na kamba na vigingi tu, akapata kona zake.

Kilima cha kaskazini kilifukuliwa mwaka 1820 na wanakijiji waliokuwa wakitafuta maji. Wakakuta chumba cha kaburi kilichojengwa kwa mwaloni, bila maiti. Kwa kuhesabu pete za miti ile imejulikana kwamba ilikatwa mwaka 958, kwa hiyo wengi wanasema palikuwa pa Gorm, na kwamba Harald alipobatizwa alimhamishia baba yake kanisani. Kweli chini ya kanisa ilipatikana mifupa ya mwanamume, ikazikwa tena palepale mwaka 2000. Kilima cha kusini, kikubwa zaidi, hakina mtu. Mfalme Frederik wa Saba alikifukua mwaka 1861 akatoka mikono mitupu.

Ndani ya jumba nisingependa kuwamalizia utamu. Kuna maelezo ya ubatizo, ambao mwandishi Widukind aliuandika mfalme akiwa bado hai: padri Poppo alibeba chuma cha moto mkononi kuthibitisha imani yake, mkono haukuungua, na Harald akaamini. Kuna habari za ngome za duara alizojenga karibu mwaka 980, kama Trelleborg na Aggersborg, ambayo upana wake wa ndani ni mita 240. Na vijana watafurahia kujua kwamba alama ya Bluetooth kwenye simu zao ni runi mbili, H na B, zilizounganishwa. Wahandisi wa miaka ya 1990 walichagua jina la mfalme aliyeunganisha makabila kwa teknolojia ya kuunganisha vifaa.

Ushauri wangu mkubwa: msiishie Jelling. Mkiwa na gari, shukeni kusini kama kilomita 10 mpaka Ravning, kwenye bonde la mto Vejle. Watalii wengi hawafiki. Hapo Harald alijenga daraja la mwaloni la mita 760, upana mita 5, magari mawili ya ng'ombe yanapishana. Leo mtakuta bonde la nyasi na mto mdogo umetulia, lakini simameni upande mmoja mtazame ng'ambo ya pili. Mita 760 juu ya tope! Wachimbaji hawakuona dalili za kulikarabati, maana yake halikutumika miaka mingi. Mwaloni ulizama ukaoza juu, ukabaki chini.

Tulikaa pale kwenye majani tukala maandazi aliyopika mama asubuhi. Akaniuliza mfalme aliishiaje. Nikamweleza. Kwamba mwaka 974 Kaizari Otto wa Pili wa Ujerumani alimpiga kusini na kumnyang'anya ukanda wa mpakani. Kwamba mwaka 983 Wadenmark waliurudisha. Kwamba miaka michache baadaye mwanawe wa kumzaa, Svend, aliyeitwa Ndevu za Uma, aliinua jeshi dhidi yake, Harald akakimbia na jeraha akafia ugenini kwa Waslavi. Mwandishi Adam wa Bremen anasema maiti yake ilirudishwa ikazikwa Roskilde. Svend ndiye aliyeiteka Uingereza mwaka 1013, na mjukuu Knud akatawala huko kuanzia 1016.

Mama alikaa kimya muda mrefu akiutazama mto.

"Huyo Svend," akasema, "alimwekea baba yake jiwe?"

"Sijasikia, mama."

Tulipofika nyumbani aliniomba nimwandikie jina la Thyra kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi. Akakikunja, akakitia ndani ya Biblia yake, akaondoka nacho kwenda Iringa.