Mfuko wa Maji wa Mrija: Uzoefu Wangu wa Siku Sita Jangwani

Naupa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za mrija. Ni mfuko wa plastiki laini wa lita 3 unaokaa ndani ya begi la mgongoni, mrija wake ukapita begani hadi karibu na kinywa. Unakiuma kidomo, unanyonya, unaendelea na mwendo. Miaka miwili nimetembea nao milimani na sikuwahi kuwa na neno nao. Safari hii niliupeleka jangwani: siku sita kwa miguu, kilomita zipatazo 110, sehemu mbili tu za kupata maji njiani. Huko ndiko tulikojuana.

Nianze na uzuri wake. Ukitumia chupa, kunywa ni shughuli: usimame, utue begi au uupinde mkono nyuma, ufungue kifuniko, unywe, ufunge. Juani mtu huiona shughuli hiyo akaahirisha, nitakunywa nikifika kile kilima. Akifika, kumbe kuna kilima kingine. Mrija ulinitoa katika tabia hiyo. Kila baada ya dakika kumi hivi nilipiga funda moja au mawili bila kusimama, na siku ya kwanza niliingia kambini kichwa hakiumi, mkojo wa njano iliyopauka. Wenzangu wawili wa chupa waliingia midomo imewapasuka, na chupa zao bado zina maji hadi nusu. Mtu anakauka, na maji kayabeba mwenyewe mgongoni!

Kasoro ya kwanza ilijitokeza siku hiyohiyo. Mrija ni mweusi na uko nje, kwa hiyo ilipofika saa nne asubuhi maji yaliyolala ndani yake yalikuwa ya moto kama chai iliyosahauliwa majani. Dawa niliigundua mchana: ukimaliza kunywa, puliza, maji yarudi mfukoni na mrija ubaki mtupu. Yale yaliyomo mfukoni, yakizungukwa na nguo, hayapati moto upesi. Niliuvika pia mrija soksi ndefu niliyoikata ncha. Haipendezi, lakini inasaidia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Asubuhi ya siku ya pili tulitoka na maji ya siku mbili. Nilijipangia lita 5 kwa siku, basi lita 10, na lita 10 ni kilo 10 kabla hujaweka hata kipande cha mkate. Lita 3 zilikuwa kwenye mfuko, 3 nyingine kwenye chupa mbili ngumu, na 4 kwenye dumu laini la kukunja. Tulianza kutembea saa kumi na moja alfajiri. Saa tano, tukitafuta kivuli cha kupumzikia, nikavuta hewa. Mfuko umekwisha. Mimi kwa hisia zangu nilikuwa nimekunywa lita moja na nusu, isizidi mbili.

Sikuwa hatarini, maana akiba ilikuwepo. Ila nilipata baridi tumboni katikati ya joto lile. Jangwani kuna hesabu moja inayofanywa kutwa: nimebakiwa na kiasi gani, na maji mengine yako umbali gani. Mfuko huu unakuficha nusu ya hesabu hiyo. Umezama ndani ya begi, umebanwa na nguo, na ukitaka kuutazama lazima upakue kila kitu. Chupa unaitupia jicho tu.

Tangu hapo nikawa najaza lita moja na nusu kwa wakati mmoja. Nikivuta hewa, najua sawasawa kilichotumika. Ni usumbufu, kwa sababu kuurudisha mfuko uliojaa kwenye begi lililojaa ni kama kumvalisha shati mtoto asiyetaka, lakini sikukosea hesabu tena. Wala sikujinyima. Kubana maji huku unatembea juani ni kujidanganya. Jasho linatoka vilevile. Kilichotupunguzia matumizi ni kulala kivulini kuanzia saa nne au tano hadi saa kumi jioni, kisha kutembea mpaka giza linapoingia.

Siku ya tatu ikaja kasoro ya pili. Kidomo kina kufuli la kuzungusha, na mchanga wa kule ni laini kama unga. Uliingia kwenye kufuli likawa halifungi mpaka mwisho, mimi sikuangalia. Nikatua begi, likaegemea kidomo, nikajinyoosha. Nilipoamka lita nzima ilikuwa imekwenda na chini hapakuwa na hata alama ya kuonyesha ilipitia wapi. Mchanga ulikuwa umeshakauka. Fikiria kama zote 10 zingekuwa kwenye chombo kimoja. Baada ya hapo begi lilikuwa likisimama wima, kidomo kikining'inia juu na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni.

Sehemu ya pili ya maji ilikuwa dimbwi la tope chini ya mwamba. Maji yale tuliyaacha yatuame usiku kucha ndani ya dumu la kukunja, tukayapitisha kitambaani, ndipo yakaingia kwenye kichujio. Ukikilisha kichujio tope moja kwa moja kinaziba, na hapo huna kichujio. Yalikuwa pia na chumvi kidogo, ambayo kichujio cha aina hii hakiiondoi hata uchuje mara kumi. Mfuko wa mrija sikuuruhusu uguse maji machafu. Huwezi kuuosha ndani huko porini, na hata nyumbani ni taabu: nimewahi kuusahau wiki mbili ukiwa na unyevu, nikakuta madoa meusi mrijani yaliyonichukua jioni nzima na brashi nyembamba. Unga wa chumvi na sukari wa kurudisha nguvu nao niliukorogea kwenye chupa. Ulikuwa wa lazima, maana ukitoka jasho jingi ukalipa maji matupu tu, mwili unapungukiwa chumvi, na hilo nalo huangusha watu.

Ladha ya plastiki ipo safari mbili tatu za mwanzo, kisha huisha. Mishono haikuvuja popote, hata begi lilipoanguka juu ya changarawe.

Nitaendelea kuutumia, kwa kunywea njiani tu. Akiba yangu inakaa kwenye chupa ninazoziona. Nyota ya tano imepotea kwa sababu ya kuficha kiwango cha maji. Ya nne niliikata nilipofika nyumbani kutafuta kidomo kingine: haukuja na cha akiba, ingawa ndicho kinachoharibika kwanza, na kinauzwa peke yake.