Gitaa dogo la stili: lipi ununue kama unataka kupanga tyuni na pedali mwenyewe

Muuzaji wa gitaa la stili (lile linalolala kifudifudi, likipigwa kwa chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi huku pedali zikibadilisha sauti) akikutumia picha, zote zitakuwa za juu: mbao inang'aa, jina la kampuni limeandikwa kwa mbwembwe, pedali zimejipanga mbele. Mwambie aligeuze alipige picha tumboni. Pesa yako inakwenda huko chini kwenye rodi, shafti na kranki ndogondogo, vyuma vinavyounganisha pedali na nyuzi, na kwenye chenja, yaani kile kipande cha mwisho kinachoshika nyuzi na kuzivuta au kuzilegeza ukikanyaga.

Namwandikia mtu anayetaka gitaa la shingo moja, nyuzi 10 kushuka chini, na ambaye baada ya miezi michache ataanza kusema, "Hivi wenzo huu wa goti ungeshusha uzi ule, si ingekuwa tamu zaidi?" Utasema tu, kila anayepiga stili husema.

Mtihani wa uzi wa 4

Tyuni, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi, iliyozoeleka kwenye muziki wa country ni E9. Kuanzia uzi wa 1, ulio mbali zaidi na tumbo lako, ni F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Pedali A hupandisha uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C#. Pedali B hupandisha wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A. Pedali C hushika uzi wa 4 na wa 5 kwa pamoja, E inakuwa F# na B inakuwa C#. Magotini kuna nyenzo, vyuma unavyosukuma kwa goti: wenzo mmoja hupandisha E zote mbili hadi F, mwingine huzishusha hadi D#.

Sasa hesabu kazi za uzi wa 4 peke yake. Unapanda hadi F kwa goti, unapanda hadi F# kwa pedali C, unashuka hadi D#. Kupanda kwa aina mbili, kushuka kwa aina moja. Chenja yenye nafasi moja tu ya kupandisha kila uzi haiwezi kazi hiyo.

Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshalipa. Muuzaji aliapa kwamba gitaa limekamilika, halina linalokosekana. Pedali C ilikuwepo, wenzo wa F haukuwepo, nikajisemea nitauongeza mwenyewe. Nikaagiza rodi na kranki, nikalilaza gitaa kitandani miguu juu, nikamulika tochi ya simu. Kwenye kidole cha chenja kinachoshika uzi wa 4 kulikuwa na tundu moja la kupandishia, na rodi ya pedali C ilikuwa imeshalikalia. Ile rodi niliyoagiza bado ninayo, nakorogea rangi.

Wenzo wa F si pambo. Chukua kordi ya G. Utaipata freti ya 3 bila kukanyaga kitu. Utaipata tena freti ya 10 ukikanyaga A na B. Katikati, freti ya 6, unaipata kwa pedali A pamoja na wenzo wa F. Ukiukosa huo, kutoka freti ya 3 hadi ya 10 ni safari ndefu isiyo na kituo.

1. S-10 (shingo moja, nyuzi 10) ya mfumo wa kuvuta tu, pedali 3 na nyenzo 4

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, hata likiwa limetumika. Chenja iwe na nafasi mbili au tatu za kupandisha na mbili za kushusha kwa kila uzi. Ukitaka badiliko jipya unahitaji rodi, kranki moja na nati ya nailoni ya kutyunia mwishoni mwa gitaa, ambayo kwa magitaa mengi hukazwa kwa kifunguo cha inchi 3/16. Kazi ya jioni moja, ukiwa mvumilivu.

Kabla hujatoa pesa, uliza pedali zimepangwa vipi. Kuna mipangilio miwili yenye majina ya wapigaji stili mashuhuri: wa Buddy Emmons ni A, B, C kutoka kushoto, wa Jimmy Day ni C, B, A. Yote miwili ni mizuri, ila mguu uliozoea mmoja hupotea kabisa kwenye mwingine, na kuugeuza maana yake ni kuhamisha rodi.

Halafu fanya majaribio mawili na tyuna. Kwanza, shusha E kwa goti, achia, uone kama inarudi palepale. Isiporudi, kuna kitu kimekwama au kimelika. Pili, liza uzi wa 4 ukiwa mtupu, kisha kanyaga A na B kwa pamoja. E hiyo haijaguswa na pedali hizo, lakini itateremka kidogo kwa sababu mwili wa gitaa unajikunja. Senti chache, za tyuna (mia moja kwa kila nusu toni) si za mfukoni, ni kawaida. Ikiporomoka hadi sikio linalalamika, liache.

Kuhusu uzito: magitaa mengi ya aina hii yakiwa ndani ya sanduku hukaribia kilo 20, na begi la ndege kwa kawaida lina kikomo cha kilo 23. Kama ndugu yako Marekani ndiye atakayekuletea, apime kwanza.

Ukishalipata, pedali A na B usiziguse. Uanzie kwenye uzi wa 2, ambao unaweza kushuka hadi D na kisha C# kwa wenzo mmoja, au uzi wa 9 kutoka D hadi C#.

2. Lap steel yenye nyenzo za kiganja

Nusura niliweke la kwanza. Ni gitaa la kulaza mapajani, nyuzi 6, linabebeka kwenye bodaboda. Unalifungia daraja lenye nyenzo ndogo zinazosukumwa kwa kiganja, kama Multibender ya Duesenberg, ambayo nyenzo zake unaweza kuzihamisha kutoka uzi mmoja hadi mwingine.

Tyuni E, B, E, G#, B, E kutoka uzi mnene. Weka wenzo mmoja kwenye uzi wa 2 upandishe B hadi C#, mwingine kwenye uzi wa 3 upandishe G# hadi A. Hapo una pedali A na B bila miguu ya gitaa wala rodi. Ukichoka, tyuni C6: C, E, G, A, C, E, ingawa kwa hilo utahitaji seti nyingine ya nyuzi.

Kasoro yake ni mkono. Mkono unaodonoa ndio huohuo unaosukuma, kwa hiyo vifungu vya kasi vinakuwa vigumu. Na daraja jipya huenda likadai matundu mapya kwenye mbao, basi usianzie kwenye gitaa la kale la thamani.

Kama hupigi country, hili linaweza kukutosha kabisa. Demola Adepoju aliipeleka stili ya pedali kwenye muziki wa juju wa King Sunny Adé kule Nigeria, na hakuna aliyemdai apige kama wa Nashville, mji wa country.

3. Fender 400 ya zamani

Nyuzi 8, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na pedali zake huvuta kwa kebo. Kubadilisha mpangilio ni kuchomoa ndoano hapa na kuichomeka pale, jambo ambalo S-10 haikupi. Ila kebo hukatika, vipuri ni vya kuwinda, na nyenzo za goti hazikuja nazo. Kwa fundi mwenye subira ni raha. Kwa anayeanza, sivyo.

4. Gitaa la mwanafunzi lenye nafasi moja ya kupandisha

Linunue kama bei ni ya kutupa na unataka kujua tu kama chombo hiki kinakufaa. Usilinunue kwa ahadi ya "nitaongeza baadaye." Rodi yangu ya kukorogea rangi ni shahidi.

Magitaa ya kampuni ya Emmons ya mfumo wa kusukuma na kuvuta nimeyaacha nje makusudi. Sauti yake inasifiwa na inastahili, lakini kuyabadilisha mpangilio ni kazi ya mtu anayeyajua.

Tenga pesa ya pedali ya volyumu, maana haiji na gitaa na bila hiyo noti zinakufa mapema. Ongeza chuma cha kutelezesha, kucha ya dole gumba na mbili za vidole. Na ukinunua S-10, agiza nyuzi za unene wa inchi .011 za ziada, hata kumi. Huo ni uzi wa 3, ule G# unaopandishwa kila mara na pedali B, na ndio utakaokatika ukiwa katikati ya wimbo.