Metro ya Dubai kwa Mwenye Kwenda Kazini: Tathmini ya Safari ya Asubuhi

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya ndugu zetu wanaopata kazi Dubai na kufika wakiwa na maswali yale yale niliyofika nayo mimi: nipange chumba wapi, nauli ni kiasi gani, na je, nitaweza kufika kazini kwa wakati bila kuwa na gari? Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi iliyo karibu na kituo cha Dubai Internet City, na kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa nimepanda Metro siku tano kwa wiki, asubuhi na jioni. Nayasema haya nikiwa mtu anayeitegemea treni hiyo kwa riziki yake, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye mambo ambayo mtalii aliyeipanda mara moja kwenda kulitazama jumba la Burj Khalifa hawezi kuyaona.

Jambo ambalo laiti ningeambiwa kabla ya kupanda ndege ni kwamba ubora wa usafiri huu kwako wewe utategemea sana umbali uliopo kati ya mlango wa nyumba yako na mlango wa kituo. Nilipofika, ilikuwa mwezi wa Agosti, dalali alinionyesha chumba cha kushirikiana upande wa Al Nahda, akanihakikishia kuwa kituo kiko dakika tano tu kutoka hapo. Dakika hizo tano zilikuwa za gari. Siku yangu ya kwanza ya kazi nilitoka saa 12:30 asubuhi, na mara tu nilipofungua mlango wa chini wa jengo, miwani yangu ilijaa ukungu kwa unyevu wa hewa ya Ghuba, nikalazimika kusimama niifute kwa ncha ya mtandio kabla ya kuona njia. Nilivuka barabara mbili pana ambazo taa zake huwachelewesha waenda kwa miguu, nikapita viwanja vitupu visivyo na mti wala kivuli, na nilipoufikia mlango wa kituo nilikuwa nimetembea dakika 19 kwa saa yangu. Blauzi ilikuwa imeganda mgongoni. Ndani ya kituo kiyoyozi kilikuwa kikali, jasho likageuka baridi, na hivyo ndivyo nilivyofika mbele ya wakubwa wangu wapya kwa mara ya kwanza.

Nilivumilia hali hiyo kwa majuma sita. Mwenzangu wa ofisini, kijana wa Tanga aliyeishi hapa miaka mingi, aliponisikia nikilalamika alinijibu kwa upole, "Dada, hapa watu huchagua kituo kwanza. Chumba kinafuata." Nilihamia karibu na kituo cha Stadium, kituo kimoja mbele kwenye njia ile ile, ambako kodi iliniongezea dirham 200 kwa mwezi lakini matembezi yakapungua hadi dakika nne. Sijawahi kuzijutia dirham hizo hata siku moja. Kwa hiyo anayetafuta nyumba namshauri aende mwenyewe kwa miguu kutoka kituoni hadi mlangoni, tena aende mchana wa jua kali, badala ya kuyaamini maneno ya dalali au umbali ulionyooka anaouona kwenye ramani ya simu.

Metro yenyewe ilianza kazi tarehe 9 Septemba 2009 kwa njia yake Nyekundu, na njia ya Kijani ikafunguliwa miaka miwili baadaye, tarehe na mwezi huo huo. Treni zake huendeshwa kwa kompyuta bila dereva, na kwenye majukwaa kuna ukuta wa kioo wenye milango inayofunguka sambamba na milango ya behewa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuteleza akaangukia kwenye reli. Nyakati za watu kwenda kazini treni hupishana kwa dakika chache tu, kiasi kwamba sijazoea kuangalia ratiba. Nafika jukwaani nikijua kwamba ikinipita hii, nyingine iko nyuma yake. Mabehewa ni safi kuliko sebule nyingi nilizowahi kukaribishwa. Nauli haipandi kwa sababu mvua imenyesha au kwa sababu shule zimefunguliwa, jambo ambalo yeyote aliyewahi kubishana na utingo wa matatu asubuhi ya mvua atalithamini.

Safari yangu huanza saa 12:40. Kutoka Stadium treni ya Kijani hupita juu ya daraja, na ukisimama upande wa kushoto unaona paa za nyumba za Al Qiyadah na Abu Hail zikiwa bado na rangi ya alfajiri. Baada ya kituo cha Abu Baker Al Siddique huzama chini ya ardhi, na baada ya kama dakika kumi na mbili tangu niondoke huwa nimefika Union, ambako lazima nihamie njia Nyekundu. Hapa ndipo penye kazi. Watu wanashuka kwa mamia, wengi wakiwa na vyakula vyao vya mchana kwenye vikopo vya chuma vilivyopangwa ghorofa ghorofa, na wote wanaelekea kwenye ngazi zile zile za umeme. Treni ya Nyekundu inayokuja imeshatoka Centrepoint, imepita vituo vya uwanja wa ndege na Deira, na hufika imejaa. Asubuhi nyingi huiacha ya kwanza ikaondoka, nikapanda ya pili. Asiyezoea kusukumana aondoke nyumbani mapema kwa dakika ishirini, kwa sababu kati ya saa 1:00 na saa 2:30 hakuna ujanja wa kuukwepa umati huo.

Kati ya Union na BurJuman treni hupita chini ya hori la Dubai. Ni dakika chache tu, na abiria wengi hawajui hata kwamba juu ya vichwa vyao kuna maji na majahazi yaliyofunga gati. Mimi huwa naijua kila mara. Nimekulia upande wa pili wa kivuko cha Likoni, ambako waenda kwa miguu huvuka bure, lakini hulipa kwa muda wao: umesimama kwenye kibanda cha kusubiri, umebanwa bega kwa bega, feri moja imeharibika na nyingine inageuka polepole upande wa pili, na wewe unaiangalia saa ukijua kuwa mwajiri wako kisiwani hatakubali tena sababu ya feri. Miaka saba niliishi hivyo. Ndiyo maana kinachonigusa zaidi kwenye Metro, kupita usafi wake na teknolojia yake, ni kwamba naweza kumwambia mtu saa nitakayofika, na nikafika saa hiyo. Baada ya BurJuman treni huibuka kwenye mwanga, na kuanzia Burj Khalifa hadi Business Bay watu wengi huteremka, nafasi za kukaa zikapatikana, na mtu anaweza kusoma kurasa chache au kumaliza nyiradi zake kwa utulivu kabla ya kushuka.

Kuhusu gharama, kadi ya nauli iitwayo nol, ile ya rangi ya fedha, hununuliwa kwa dirham 25, na ndani yake mna dirham 19 za nauli. Mji umegawanywa katika kanda: ukisafiri ndani ya kanda moja unakatwa dirham 3, ukiingia kanda ya jirani dirham 5, na ukivuka zaidi ya kanda mbili dirham 7.5. Safari yangu ni ya daraja hili la mwisho, kwa hiyo natumia dirham 15 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi jumla ni dirham 330. Pasi ya mwezi kwa kanda zote ni dirham 350. Wengi huinunua kwa mazoea, lakini hesabu inaonyesha kuwa kwa mtu wa njia kama yangu itamfaa tu iwapo atatoka pia siku za mapumziko. Safari mbili za mbali za kwenda na kurudi zinatosha kuifanya iwe na faida. Aliye ndani ya kanda moja au mbili apige hesabu yake mwenyewe kabla ya kulipa. Kuna faida nyingine ambayo wageni hawaielewi haraka: ukitoka kwenye Metro na kupanda basi kabla ya dakika 30 kupita, mfumo unaihesabu kuwa ni safari moja, kwa hiyo mabasi madogo ya mitaani yanayowaleta abiria vituoni na kuwarudisha, yale yenye herufi F mbele ya namba zake, mara nyingi hayaongezi chochote kwenye nauli yako. Sharti ni kuigusisha kadi unapopanda na tena unaposhuka, maana anayesahau kufanya hivyo wakati wa kushuka hukatwa zaidi.

Kila treni ina sehemu ya daraja la Gold, ambayo nauli yake ni maradufu. Nimeijaribu mara mbili nikiwa mgonjwa. Viti ni vipana na kuna utulivu, lakini kwa mshahara wa kawaida dirham 30 kwa siku ni nyingi mno. Ninachokithamini kwa dhati ni sehemu ya wanawake na watoto, ambayo mpaka wake umewekwa alama sakafuni. Saa za msongamano, kusimama umezungukwa na wanawake wenzako ni heshima isiyo na bei, hasa kwa binti aliyefika mji mgeni peke yake. Ndugu zangu wanaume waiangalie alama hiyo vizuri, kwa kuwa anayekutwa upande usiokuwa wake hutozwa faini ya dirham 100, na udhuru wa ugeni hausaidii. Faini kama hiyo humpata pia anayekula au kunywa ndani ya treni na vituo, hata kama ni maji, kwa hiyo kunywa maji yako kabla ya kuingia.

Majina ya vituo yanahitaji onyo la pekee. Haki ya kuviita vituo majina huuzwa kwa makampuni, na baadhi ya majina ya mitaa yamekwisha kuondolewa kwenye ramani: Rashidiya sasa ni Centrepoint, Al Karama ni ADCB, na Al Jafiliya ni Max. Wenyeji na madereva wa teksi wanaendelea kutumia majina ya zamani. Mgeni akiambiwa "shuka Karama" ataitazama ramani yote asikione kituo hicho, na nadhani huu ni upungufu wa kweli katika huduma inayojali sana kumwelekeza abiria katika mambo mengine yote. Andika majina yote mawili mahali unapoweza kuyaona kwa haraka.

Saa za kazi za Metro zinamfaa mtu wa ofisi kuliko mtu wa hoteli. Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi pia, treni huanza saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku; Ijumaa huongezwa saa moja mwishoni. Jumapili huanza saa 2 asubuhi. Mji huu unahudumiwa na watu wengi ambao kwao Jumapili ni siku ya zamu kama siku nyingine, wafagiaji, wapishi, wauzaji wa madukani na walinzi, na yule anayetakiwa kazini saa 1 asubuhi hawezi kuitumia treni siku hiyo. Rafiki yangu anayefanya kazi ya usafi katika hoteli huchanga nauli ya gari na wenzake watatu kila Jumapili, na fedha hizo humtoka yeye mwenyewe. Hapa ndipo ninapoona Metro imepungukiwa zaidi, kwa sababu watu hao ndio wanaoihitaji kuliko sisi.

Wapo pia wanaokaa mahali ambako reli haijafika kabisa. International City inawavutia Waafrika wengi kwa kodi yake nafuu, lakini anayeishi huko lazima apande basi kwanza hadi Centrepoint, akishindana na msongamano wa magari. Njia mpya ya Buluu, yenye urefu wa kilomita 30 na vituo 14, imekusudiwa kupita huko na kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029. Rafiki yangu huyo wa hoteli anaishi mtaa huo, katika chumba cha watu wanne, na siku za kawaida, ambapo mimi hutoka saa 12:40 nikiwa nimeshakunywa chai, yeye huwa ameshasimama kwenye kituo cha basi tangu saa 11:30.