Tairi gani ununue kwa njia za changarawe za Ufaransa zisizo na magari

Anayetaka kutembeza baiskeli mashambani na misituni Ufaransa bila kusukumwa na magari huanza kwa kuuliza bei ya baiskeli. Mimi humwambia aanze na matairi. Baiskeli yoyote yenye fremu nzima na breki zinazoshika itakufikisha. Tairi lisilofaa litakukalisha chini ya mti saa nne asubuhi, umeshika tyubu yenye matundu mawili.

Matundu hayo nayajua. Safari yangu ya kwanza nilitoka mji wa Toulouse kufuata mfereji wa Canal du Midi, nikiwa na matairi ya upana wa milimita 28. Hadi Port-Lauragais, kama kilomita 50, njia ni ya lami na nilijiona bingwa. Lami ilipokwisha nikaingia kwenye udongo, changarawe, na mizizi ya ile miti mikubwa ya platane iliyopandwa kando ya maji. Mizizi imeinua ardhi kama migongo ya mamba. Tairi likagonga mmoja, rimu ikashuka na kuibana tyubu kwenye ukingo wake, nayo ikatoboka mara mbili, sambamba kama matundu ya kifungo. Niliziba, nikapanda, nikatoboka tena. Siku hiyo nilielewa kwamba nilichokosa kilikuwa upana wa tairi, wala si ubora wa baiskeli.

Kosa langu lilitokana na neno moja. Niliona kwenye ramani "voie verte" nikadhani najua kilichoko mbele. Tangu 2004 sheria ya barabara ya Ufaransa inaitambua voie verte kuwa njia ya wasiotumia injini: watembea kwa miguu, waendesha baiskeli, wapanda farasi. Hilo ni jema sana, lakini halikuambii utakanyaga nini. Ile ya kwanza kabisa, iliyofunguliwa 1997 kati ya Givry na Cluny juu ya reli ya zamani, sehemu yake kubwa ni lami laini. Nyingine ni mchanga mtupu. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, tafuta maneno mengine kwenye maelezo ya njia. Enrobé ni lami. Stabilisé ni mchanga na changarawe ndogo vilivyoshindiliwa. Chemin de halage ni njia ya kando ya mfereji, ambako zamani farasi walivuta mashua kwa kamba. Route forestière ni barabara ya msitu, ya mawe, iliyotengenezwa kwa ajili ya malori ya magogo. Mara nyingi mwanzoni ina kizuizi cha kuzuia magari, na baiskeli hupita pembeni.

Sasa matairi yenyewe, kuanzia ninaloliona bora.

Nafasi ya kwanza inakwenda kwa tairi la milimita 40 lenye katikati karibu laini na meno madogo mabegani. Mfano ni Panaracer GravelKing SS au Schwalbe G-One RS. Katikati laini hulifanya lizunguke kwa wepesi kwenye lami na stabilisé kavu; meno ya pembeni hushika unapokata kona kwenye changarawe iliyolegea. Kwa tairi hili nimepita Dolce Via huko Ardèche, reli ya zamani inayopanda bonde la mto Eyrieux, na sikutamani jingine. Treni haziwezi mlima mkali, kwa hiyo mwinuko wake ni mpole, unapanda taratibu huku mto ukiwa kando yako. Hata katika msitu wa Orléans, wenye karibu hekta 35,000 na barabara zilizonyooka kama uzi, upana huo unatosha.

Wengi hununua tairi zuri kisha wanaliharibu kwa pampu. Tairi pana likijazwa hadi liwe gumu kama jiwe linarukaruka juu ya kila kokoto na kukuchosha mabega. Mimi nina kilo 74. Kwenye milimita 40 yenye tyubu naweka upepo wa bar 3 (kipimo cha presha) nyuma na pungufu kidogo mbele. Nikitumia tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu lenye maji ya kuzibia ndani, nashuka hadi bar 2.4. Ukilibonyeza kwa dole gumba linapaswa kukubali kidogo. Mwenye mizigo aongeze.

Tyublesi inastahili pesa zake Ufaransa, na sababu ni miiba. Mashambani Brittany wakulima hukata ua wa vichaka kwa mashine kuanzia Septemba hivi, na vipande vya miiba hutapakaa njiani. Siku moja karibu na Pontivy niling'oa mwiba mrefu kama kucha kwenye tairi la mbele. Maji meupe yakatoka kwa mluzi, nikazungusha gurudumu ili tundu likae chini, nikahesabu hadi ishirini, pakaziba. Tone moja kavu lilibaki juu ya mpira, basi. Ila maji hayo hukauka; yaongeze kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Tyubu moja ya akiba ibebe hata hivyo, kwa sababu tundu kubwa halizibwi na maji.

Nafasi ya pili ni tairi la milimita 45 hadi 50 lenye meno mafupi yaliyosongamana. Kama unaishi karibu na Paris na msitu wako ni Fontainebleau, basi kwako hili ndilo la kwanza. Mchanga wa Fontainebleau ni mweupe na safi kiasi kwamba ulitumika kutengenezea vioo, na tairi la 40 linazama ndani yake mpaka unashuka na kusukuma. Vivyo hivyo Landes, kwenye ule msitu wa misonobari wa kusini-magharibi: njia za baiskeli zina lami, lakini ukikata kupitia mikanda ya kuzuia moto uko mchangani. Hutchinson Touareg ya 45 ni chaguo ninaloliheshimu. Kampuni hiyo ilianza 1853 huko Châlette-sur-Loing, si mbali na msitu wa Orléans wenyewe.

Fremu nyingi za zamani hazipokei upana huo kwenye magurudumu ya kawaida ya 700C, na hapo gurudumu dogo la 650B husaidia. Wafaransa hawakulianza jana. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, mhariri wa jarida la baiskeli aliyejulikana kwa jina la Vélocio na kufariki 1930, alitetea matairi mapana wakati wengi waliamini jembamba ndilo lenye kasi. Barabara zake zilikuwa za changarawe kama hizi tunazozitafuta leo.

Nafasi ya tatu ni tairi la safari lenye tabaka nene la kuzuia pancha, kama Schwalbe Marathon, la milimita 37 au 40. Ni zito, na kwenye mlima utalihisi. Lakini kwa anayebeba hema na chakula cha siku nne, au asiyetaka kusikia habari za maji ya kuzibia, linakaa muda mrefu na halimwangushi. Ningempa mtu hili kwa ajili ya mfereji wa Nantes hadi Brest, zaidi ya kilomita 360, ulioanza kuchimbwa 1811 wakati wa Napoléon ili mizigo ipite bara bila kukutana na meli za Waingereza. Magari karibu hayapo kabisa. Adui pale ni mvua: stabilisé ikilowa inakuwa uji wa mchanga, unaoingia kwenye mnyororo na kula pedi za breki. Pangusa mnyororo kila jioni.

Tairi lisilo na meno tangu kiwandani, milimita 32, linafuata. Linunue kama mpango wako ni Givry hadi Cluny tu, au Toulouse hadi Port-Lauragais na kurudi. Ukivuka hapo, rejea hadithi yangu ya mizizi.

La mwisho ni la meno makubwa ya baiskeli ya milimani. Linavutia macho dukani, na watu wengi hudhani msitu maana yake ni meno. Kwenye njia hizi linanguruma, linakuchosha, na meno ya katikati yanaisha haraka.

Kuna jambo la vipimo ambalo wenzangu tuliokulia Afrika Mashariki tunapaswa kuliangalia sana. Ile baiskeli nyeusi ya Phoenix ya nyumbani ilivaa tairi la 28 × 1½. Upana wake ni milimita 40, sawasawa na chaguo langu la kwanza, na ndiyo maana ilihimili barabara za moramu miaka yote ile. Lakini kipenyo chake ni 635, wakati gurudumu la 700C ni 622, na madukani Ulaya yote mawili yanaweza kuandikwa 28. Usinunue kwa namba hiyo. Soma ubavuni mwa tairi: 40-622 ni ya 700C, 47-584 ni ya 650B, 40-635 ni ya Phoenix.

Pima pia nafasi kwenye fremu na uma unaoshika gurudumu la mbele, si nyuma tu. Baki na angalau milimita tano kila upande, kwa sababu tope la Novemba linahitaji pa kupita. Rimu ikiwa haina kingo za ndani za kushikia tairi, hakikisha tairi limeidhinishwa kwa rimu za aina hiyo, na usizidishe bar 5.

Kuhusu bei, matairi mengi niliyotaja huwa kati ya yuro 30 na 60 kwa moja. Huhitaji kununua mawili kila mara. La nyuma huisha kwanza kwa kuwa linabeba uzito mkubwa. Likiisha, lililokuwa mbele lihamishie nyuma, na jipya liende mbele, kwa kuwa gurudumu la mbele likiteleza kwenye changarawe hupati muda wa kujiokoa.