Uzoefu wangu na mikanda ya aramidi kwenye mashine ya kukata nyasi ya kuendesha

Mashine ya kukata nyasi ya kuendesha kama yangu ina mikanda miwili, na safari hii nimebadilisha yote. Mmoja unatoka kwenye injini kwenda kwenye gia iliyoko nyuma ya mashine, ndio unaosukuma magurudumu. Wa pili unazungusha visu. Huu wa visu ndio ulionifanya nitoe spana: kila nilipoingia kwenye nyasi nzito, harufu ya mpira unaoungua ilipanda hadi kwenye kiti, na visu vilipunguza kasi huku injini ikiunguruma vilevile. Injini ikiwa na nguvu zake na visu vikachoka, basi nguvu inapotelea njiani, na mahali pa kwanza pa kutazama ni mkanda.

Nilinunua mikanda yenye nyuzi za aramidi, nyuzi imara za kutengenezwa, jamii ileile ya Kevlar (ile ya fulana za kuzuia risasi) aliyoigundua Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965. Ule wa zamani wa visu ulikuwa wa nyuzi za poliesta. Ukiishika miwili mikononi huoni tofauti kubwa, lakini kazini inaachana mbali. Mkanda wa mashine ya nyasi unateswa. Unapinda upande mmoja kwenye puli ya injini (gurudumu lenye mfereji linalouzungusha mkanda), halafu puli ya kukazia inaukandamiza mgongoni na kuupinda kinyume. Unapowasha visu unapata mshtuko. Na kwenye mashine zisizo na klachi ya umeme (kifaa cha kuunganisha visu na injini na kuvitenganisha), mkanda wenyewe ndio klachi: unalegezwa na kukazwa huku puli ya injini ikizunguka. Poliesta huvutika taratibu kwa mateso hayo, hadi springi ya kukazia inafika mwisho wake na haina tena cha kuvuta. Aramidi inavutika kidogo sana. Angalia pia kama mkanda umevikwa kitambaa kwa nje. Wenye kitambaa unakubali kuteleza kidogo wakati wa kukazwa bila kuungua. Ule wenye mbavu, yaani pande zake mbili, za mpira mtupu unang'ata ghafla.

Kuhusu saizi, usiupime mkanda wa zamani ukanunua kwa kipimo hicho. Umeshavutika na mbavu zimelika, kwa hiyo utakupa urefu wa uongo. Tafuta namba ya kipuri kwenye kitabu cha mashine. Upana nao una maana yake: wa nusu inchi na wa inchi 5/8 huwezi kubadilishana, kwa sababu mkanda wa umbo la V unashika kwa mbavu zake. Ukiuona unagusa chini ya mfereji wa puli, ama ni mwembamba mno ama umekwisha, au puli yenyewe imelika.

Kabla ya chochote, funguo nje na waya wa plagi ya injini uchomolewe. Visu havina huruma, na ukizungusha puli kwa mkono injini inaweza kushtuka. Halafu piga picha ya njia ya mkanda kutoka kila upande. Stika ya mchoro kwenye mashine yangu ilikuwa imefutika kabisa, na bila picha ningebaki nakisia upande upi wa puli ya kukazia mkanda unapita.

Mkanda wa visu si kazi kubwa. Unashusha bodi la visu (lile bati kubwa linalofunika visu) chini kabisa, unafungua springi ya kukazia, unachomoa pini za vyuma vinavyolining'iniza, na bodi linavutwa kutoka ubavuni. Hapo chini ya vifuniko nilikuta nyasi kavu zimeshindiliwa kama godoro, na chini yake kutu. Nikapiga mifereji ya puli msasa mpaka ikawa laini, maana kutu inakula mkanda mpya kama tupa. Kisha nikazungusha kila puli kwa kidole. Mbili zilizunguka kimya. Ya kukazia ilisaga, ukiigusa unahisi vipunje ndani ya beringi, na ukiitikisa inacheza. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaunguza mkanda. Kufunga mkanda mpya kwenye puli mbovu ni kuutoa sadaka, kwa hiyo nikaweka na puli mpya.

Mkanda wa magurudumu ndio unaokula muda. Bodi la visu lazima litoke kwanza. Chini ya injini kuna klachi ya umeme ya visu. Unachomoa plagi ya waya wake na kulegeza kile chuma kinachoizuia isizunguke, ndipo mkanda upate upenyo wa kupita. Kanyaga pedali ya breki na uifunge na breki ya maegesho ili puli ya kukazia ilegee. Nyuma, ile gia ya magurudumu, inayofanya kazi kwa mafuta, ina feni ya plastiki juu ya puli yake, na hakuna nafasi ya kuingiza mkanda mzima. Unaupitisha bawa moja baada ya jingine, unazungusha feni kidogo, unapitisha tena. Usitie bisibisi kulazimisha. Bawa litavunjika, au nyuzi za mkanda zitakatika kwa ndani na hutaona kitu mpaka siku utakapopasuka. Mwisho hakikisha mkanda uko ndani ya vijiti vya kuuongoza vyote.

Lawama yangu iko kwa muuzaji. Mkanda wa magurudumu uliletwa umekunjwa kwa nguvu na kubanwa na kamba ya plastiki, mpaka ukawa na kona kali mahali pawili. Aramidi ina nguvu ya kuvutwa, lakini kukunjwa hivyo kunavunja nyuzi zake. Niliurudisha nikapewa mwingine uliozungushwa vizuri. Ukipokea wa aina hiyo, usiufunge.

Matokeo? Harufu imekwisha. Visu vinashika kasi yake hata kwenye nyasi ndefu zenye unyevu, na mkato ni sawa pande zote, hakuna tena mistari iliyobaki imesimama. Mwanzoni mkanda ulimwaga vumbi jeusi kidogo, jambo la kawaida kwa mkanda unaojizoesha kwenye puli, kisha ukatulia. Msimu mzima umepita na springi ya kukazia iko karibu palepale ilipokuwa nilipofunga.

Bei yake iko juu kuliko ya mkanda wa kawaida. Kwa mkanda wa visu nailipa bila kufikiria, kwa sababu tofauti unaisikia ukiwa umekaa kwenye kiti. Kwa mkanda wa magurudumu, ukiendesha huoni badiliko kubwa. Mashine inapanda mteremko vizuri zaidi kidogo, basi. Lakini kwa ile kazi ya kupitisha mkanda kwenye mabawa ya feni, nitauchukua wa aramidi tena ili nikae muda mrefu bila kurudi chini ya mashine.