Banda la video Kirumba: sauti safi, bei poa, ila muvi ya Mwanza yetu wanatunyima

Hili banda liko Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni kwenye soko la samaki, jina sitaji maana mwenyewe ni mtu mzima namheshimu na ninachotaka arekebishe, siyo afungiwe. Kiingilio mchana jero, usiku buku. Subufa inagonga vizuri, umeme ukikatika jenereta inawashwa fasta, na DJ anayetafsiri ni kiboko, anafuata mtindo ule ule wa Lufufu, yule mtafsiri muvi maarufu, Mchina anagombana na mkwe wake kwa Kisukuma banda zima linacheka.

Sasa kinachoniuma. Dogo anayekaa kwenye projekta ana daftari gumu la mahesabu, likija busu tu anaziba nalo lenzi, ukuta unakuwa mweusi, sauti inaendelea, watu miluzi. Mchana sina neno, watoto wanajaa pale na sare za shule, azibe tu. Lakini saa nne usiku wamebaki wavuvi na wachuuzi wa dagaa, watu na familia zao, unatuzibia nini jamani? Na mtu akikatwa kichwa kwa panga daftari limelala chini halina kazi!

Kubwa zaidi ni hili. Tuliomba atuwekee Darwin's Nightmare, ile dokumentari ya 2004 ya Hubert Sauper iliyopigwa hapa hapa Mwanza, mpaka Oscar ikateuliwa. Akakataa, kwamba italeta maneno. Hofu yake naielewa, mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani na mjini hapa watu waliandamana kuipinga, na wengi tu mpaka leo wanaichukia ila hawajawahi kuiona.

Mimi nimeiona kwenye laptop ya mshkaji. Inauma, minofu ya sangara inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya halafu sisi huku mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, na inadokeza kwamba ndege hizo zinakuja na silaha. Hapo kwenye silaha mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliandika kuipinga, akadai ushahidi. Na mimi nina langu, sangara kajenga nyumba na kasomesha watoto kibao huku kwetu na muvi haikuhangaika na hilo, nahisi imetuonea. Lakini haya yote nayasema kwa sababu nimeiona, mtu wa Mwaloni ambaye maisha yake ndiyo yamepigwa picha atajibu vipi kitu alichofichwa? Katiba ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kutafuta na kupokea habari, haijasema isipokuwa waliokaa kwenye benchi za mbao Kirumba.

Najua kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 na Bodi ya Filamu inayokagua na kupanga madaraja, na madaraja nayaunga mkono kabisa, mtoto alindwe. Kumpangia mtoto umri ni jambo moja, kumchagulia mtu mzima cha kufikiri ni jambo lingine kabisa. Wenzetu Kenya walipoifungia Rafiki, muvi ya Wanuri Kahiu, mwaka 2018, yeye alienda mahakamani, akapata siku saba ionyeshwe kwa watu wazima, na watu Nairobi walijaa. Walioipenda waliipenda, walioichukia waliichukia, kila mtu kwa macho yake.

Ombi langu kwa mzee wetu: mchana daftari libaki, usiku liwekwe kabatini, na mlangoni dogo awe mkali kwa watoto. Hiyo ya sangara fuatilia kibali, kikitoka iweke Jumamosi halafu acha taa zikiwaka nusu saa watu wabishane, wa viwandani waseme, wavuvi waseme, mama wa mapanki aseme. Buku mbili nalipa na watu nakuletea.

Nyota tatu kwa sasa. Mkienda usiku kaeni mbele, kule nyuma kuna nguzo inakata picha.