Funza lishe hai wa ndoo: wazuri, ila unalipia maji

Funza wa inzi chuma (black soldier fly) wanaouzwa hai kwa ndoo mjini Unguja ni chakula kizuri cha perege na kambale. Wakikaushwa, karibu asilimia 40 ni protini na 30 hivi ni mafuta. Lakini kilo ya funza hai, takriban theluthi mbili yake ni maji. Kabla ya kulinganisha na vidonge vya chakula cha samaki, zidisha bei ya kilo mara tatu, uone kama unafuu bado upo.

Kipimo kinafuata hesabu hiyo hiyo. Perege 200 wa gramu 100 ni kilo 20. Asilimia 3 ya uzito huo kwa siku ni gramu 600 za chakula kikavu. Ukitaka theluthi itoke kwa funza, weka gramu 600 za funza hai na 400 za vidonge. Funza peke yao wana mafuta mno. Wamwage kidogo kidogo, kila fungu liishe ndani ya dakika kumi. Wanaobaki hufa na kuoza, na alfajiri utakuta samaki wanahema juu ya maji.

Udhaifu mkubwa ni ndoo yenyewe. Funza waliorundikwa hutoa joto, na kifuniko kikibanwa wa chini wanakufa kabla hujafika Fuoni. Wahamishie haraka kwenye beseni pana lenye pumba kavu, kina kisizidi sentimita 5, ufunike kitambaa chepesi. Kuta zikilowa, watapanda na kutoroka usiku. Kuwavusha Pemba kwa boti ndani ya ndoo hizo ni hasara tupu.

Chagua weupe. Weusi washaacha kula, ngozi imekuwa ngumu, na perege wadogo huwatema. Muulize muuzaji amewalisha nini. Machicha ya nazi na maganda ya matunda, sawa. Taka za jaa zilizochanganyika na betri, kataa, maana funza hawa hulimbikiza kadmiamu, metali yenye sumu, mwilini. Wachekeche, wasuuze, wakeshe kwenye pumba safi watoe uchafu wa tumboni.

Mwenye mabwawa ya samaki aina ya mwatiko Pemba aziweke pesa zake. Mwatiko hana meno, na hupenda utando unaoota chini ya bwawa. Afadhali anunue mbolea ya kuuotesha.

Gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wa tangini, nao wana midomo midogo mno kwa funza hawa. Ila anayekushauri uwafugie viluwiluwi vya mbu nyumbani, usimkubalie kabisa: mbu watakaoponyoka watawauma watoto wa jirani.